Mwaka wa Makaa Yasiyo na Moshi

Habari za kifo cha Mama Risper zilinikuta Isiolo, ambako nilikuwa nimekaa miezi minane, na kwangu huo ni muda mrefu. Mwanawe Ochieng alinipigia simu asubuhi, akasema kwa ile sauti yake ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya maji, "Jamigori, mama amepumzika. Tunazika Ijumaa. Ukikosa, shauri yako." Jamigori ni mtu wa Migori, na ndilo jina ambalo nyumba ile ilinipa siku ya kwanza, wala hawakuwahi kulibadilisha. Nimefanya kazi katika miji mingi tangu niondoke kwao. Nimepoteza laini za simu, vitambulisho, marafiki na mke mmoja, lakini kila nilipopata namba mpya nilimtumia Ochieng, kama mtu anayejisalimisha kituoni. Nilifika Rodi Kopany siku ya Alhamisi, nikatembea kwa miguu upande wa Ndhiwa mpaka nilipoliona lile paa la mabati. Wanawake walikuwa wakichambua mchele uani. Nilizunguka nyuma ya nyumba kabla ya kusalimu mtu yeyote, nikachungulia dirisha la chumba cha ndani. Siku hizi ni stoo. Magunia ya mahindi yamepangwa pale palipokuwa na kitanda cha binti yake, Akinyi, na juu ya magunia, kati ya ukuta na mabati, bado kuna udongo niliousindilia kwa mikono yangu mwenyewe. Umepasuka kidogo tu. Nilifanya kazi nzuri.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili nilipokuja kuishi hapo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa Migori nikingoja kitu ambacho hakikuja, ndipo nikasikia kwamba Mkuria mmoja aitwaye Chacha amefungua karakana ya makaa karibu na Ndhiwa na anatafuta watu wenye mikono. Makaa yenyewe hayakuwa ya miti. Yalitokana na makapi ya miwa. Tuliyachoma ndani ya mapipa yaliyofunikwa, tukayasaga yakawa unga mweusi, tukayachanganya na uji wa muhogo, kisha tukayapitisha kwenye mashini ya kuzungusha kwa mkono iliyofanana na ile ya kusaga nyama. Yalitoka marefu, laini na meusi, tukayakata na kuyaanika juani kama mandazi. Chacha hakujua Dholuo, lugha ya Wajaluo, isipokuwa maneno mawili aliyojifunza kwa ajili ya soko. Siku za soko alisimama juu ya kreti ya soda, jiko likiwaka miguuni pake, akapaza sauti, "Onge iro! Onge iro!" Hakuna moshi. Aliyatamka vibaya, kwa ulimi wa Kikuria, na wanawake wa sokoni wakacheka hadi wakashika mbavu, kisha wakanunua. Mmoja alimwambia, "Mkuria, kama makaa yako haina moshi, basi hata uwongo yako haina." Chacha akajibu, "Mama, weka pua hapa. Ukisikia kitu, nakupa gunia bure." Mama huyo akainama, akanusa, akakosa kitu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Chacha nimeshika gunia, na nakumbuka fahari niliyoisikia, kana kwamba ni mimi niliyeutoa moshi duniani.

Nilipanga kijumba cha nje kwa Mama Risper, lakini nilikula ndani pamoja nao. Mezani kulikuwa na ugali wa mtama, omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaangwa na nyanya, na mlenda siku ambazo omena walikosekana. Mama Risper alikuwa mwanamke mpana, mwimbaji wa kwaya kanisani, na hakuweza kupika bila kuimba. Ochieng, kifungua mimba wake, alikuwa akivua omena kisiwani Mfangano na kurudi nyumbani kila alipopata nafasi. Aliyekuwa nyumbani siku zote ni Akinyi. Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, macho yake yana manjano kidogo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walikuja kutoka mbali awajazie fomu: za basari, za kitambulisho, za kuomba ardhi ipimwe. Aliketi mezani na kalamu, akawauliza maswali kama karani, na akiona mtu anadanganya umri alikuwa akisema, "Baba, kwa hesabu hii ulizaliwa baada ya mtoto wako. Turudie." Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Alinieleza mwenyewe, wiki yangu ya kwanza pale, kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. "Kwa Dholuo uchungu ni rem na damu ni remo," aliniambia. "Watu wengine wanahitaji maneno mawili. Mimi moja linanitosha."

Watu wa kwingine hudhani kwetu hakuna baridi kwa sababu ziwa liko karibu. Hawajalala chini ya mabati Ndhiwa mwezi wa Julai, baada ya mvua ya jioni, upepo unapopenya kati ya ukuta na paa. Mtu mzima wa afya hujifunika akanung'unika. Akinyi, baridi ilimwingia kwenye mifupa. Ilianza vidoleni, ikapanda magotini, na kufikia asubuhi alikuwa amejikunja akiuma shuka ili mama yake asimsikie, na mama yake alikuwa akimsikia. Kliniki walisema mambo yale yale kila mara: anywe maji mengi, asikose dawa yake, asipatwe na baridi. Hilo la tatu ndilo lililokuwa kazi ya nyumba nzima. Mwaka huo sote tuliishi kwa ajili ya chumba kimoja, kile cha ndani, kiwe na joto kuanzia jioni mpaka jua litoke. Kila kitu kingine kilikuja baadaye.

Nilipofika, chumba hicho kilipashwa joto kwa stovu ya mafuta ya taa, yenye tambi kumi. Mafuta yaliletwa na Ochieng. Wavuvi wa omena walitumia mafuta hayo kwa taa zao za kuvutia samaki, na kila alipokuja nyumbani alibeba mtungi wa njano begani, akautua mlangoni kwa kishindo ili kila mtu ajue amefika. Ilikuwa zawadi yake, na ilikuwa njia yake ya kumlinda dada yake akiwa mbali. Lakini stovu ile ilinuka. Ilinuka kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye nywele za Akinyi. Ilimkaba kifua, akakohoa, na kikohozi kilimletea maumivu yake mengine. Kwa hiyo kila jioni ulikuwa mchezo ule ule: Mama Risper anawasha stovu, harufu inajaa, Akinyi anakohoa, Mama anafungua dirisha, baridi inaingia, Mama anafunga dirisha, harufu inajaa. "Tunapika upepo," alisema siku moja, na hakuimba tena jioni hiyo.

Mimi ndiye niliyeleta makaa ya Chacha ndani ya nyumba ile. Nilileta jiko la udongo na kikapu cha makaa yaliyovunjika ambayo hayakuweza kuuzwa, nikayawasha uani mpaka yakawa mekundu, nikaliingiza jiko chumbani. Hayakutoa moshi. Hayakunuka. Yaliwaka polepole kwa saa nyingi, kama mzee anayesimulia. Akinyi alivuta hewa kwa pua, akangoja, akavuta tena. "Inanuka kama hakuna kitu," alisema. Kisha akalala bila kukohoa.

Ochieng alipokuja na kuliona lile jiko, hakufurahi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mitatu au minne, mabega yake kama mlango, na alijua vizuri kwa nini nilijali sana usingizi wa dada yake. Tulikaa mezani wanne, Jumapili mchana, sahani za wali na kuku mbele yetu, na mtungi wake wa njano ukiwa bado mlangoni alipoutua.

"Shemeji," alisema, ingawa sikuwa shemeji wa mtu yeyote, "umekuja kutufundisha moto?"

"Mimi nasema tu, omera, ndugu yangu, mafuta inamuumiza kifua."

"Mafuta naijua. Ukiwasha unaiona, ikiisha unaiona, ikiharibika unaisikia. Hii yako ni takataka ya miwa. Ng'ombe wenyewe wamekataa kula."

"Haina moshi."

"Hata nyoka hana moshi."

Mama Risper alicheka, kisha akanyamaza alipoona sisi hatucheki. Mimi nikaanza kueleza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na nilikuwa nimefaulu somo la kemia, na nilipenda watu wajue. Nikasema moshi ndio sumu. Nikasema moshi ni vitu ambavyo havikuungua vizuri, na kwamba moto usio na moshi ni moto safi, na moto safi hauwezi kumdhuru mtu. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo. Nilisema polepole, nikimwangalia Ochieng, aliyeacha shule darasa la saba, ili ahisi umbali uliokuwa kati yetu. Aliuhisi. Alitazama sahani yake, akageukia dada yake. "Wewe ndiye unalala hapo. Sema wewe."

Akinyi alikuwa akitafuna mfupa wa kuku. Aliuweka chini bila haraka. "Mnagombania kifua changu na mimi niko hapa," alisema. "Ochieng, mafuta yako imenilea. Lakini nimechoka kunuka kama taa. Watu wakija kujaza fomu wanauliza kama tunauza mafuta ya taa." Sote tulicheka, hata Ochieng. "Mimi nataka hii ya Jamigori."

Ochieng alinyoosha mkono juu ya meza, akanipa. "Sawa. Umeshinda, mtu wa makaa." Jioni aliondoka kurudi Mfangano, na mtungi akauchukua, kwa sababu kule taa zilikuwa zikiyangoja yale mafuta. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Wiki iliyofuata nilikamilisha kazi. Niliona kwamba joto lote lilikuwa likipotelea juu, kati ya ukuta na mabati, na chini ya dirisha ambalo halikufungika vizuri. Sasa hapakuwa tena na harufu ya kutoa nje. Kwa nini tumpe upepo nafasi? Nilikanyaga udongo uani pamoja na nyasi zilizokatwa, nikapanda juu ya meza, nikaziba mwanya wote, pande zote nne. Pale dirishani nilisindilia gunia. Akinyi alikaa kitandani akinielekeza, "Kushoto umeacha. Hapana, kushoto kwangu." Nimefikiria jambo hili kwa miaka mingi sasa. Ile harufu ya mafuta ya taa, iliyotuudhi sote, ndiyo iliyokuwa ikifungua dirisha kila jioni. Mimi niliiondoa harufu, kisha nikaliziba dirisha.

Na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, hili lazima nilikubali. Mwezi mzima hakupelekwa kliniki. Alikuwa akiamka amelala kweli, miguu yake imenyooka. Mama Risper alirudia nyimbo zake. Aliwasimulia wenzake wa kwaya, nao wakaja kuona chumba, wakasimama mlangoni na kupokea lile joto usoni kama watu wanaosimama mbele ya tanuri la mikate. "Ni huyu kijana," aliwaambia akinionyesha. "Amempa mtoto wangu joto." Asubuhi Akinyi alikuwa akilalamika kichwa, lakini nani halalamiki kichwa? Tulisema ni malaria, tukampa dawa ya malaria. Siku nyingine alitapika kabla ya chai, na mama yake akanitazama kwa jicho kali sana, mpaka nikaapa mbele yake kwamba sijamgusa binti yake, na Akinyi akacheka kitandani hadi machozi yakamtoka. Kulikuwa na kuku jike na vifaranga wake, waliolala ndani ya kikapu chini ya kitanda kwa sababu ndicho chumba chenye joto. Asubuhi moja tuliwakuta wote wamekufa, shingo zimenyooka. Mama Risper alisema ni kideri. Nilimshika yule kuku kwa miguu kwenda kumfukia, na upanga wake kichwani ulikuwa mwekundu sana, mwekundu kama wa jogoo. Nilishangaa kidogo. Nikamfukia, nikaenda kazini.

Akinyi alifuata kabla ya wiki mbili kupita. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Mama Risper alikuwa amewahi kinu cha kusaga, na aliporudi alimwita mara mbili akiwa bado jikoni, ndipo akaingia. Mimi nilikuwa karakana nikizungusha mashini, na tulisikia kilio kikipita juu ya mashamba ya miwa. Chacha akasema, "Hiyo ni kwenu." Nilikimbia. Nilipofika dirisha lilikuwa limefunguliwa kwa nguvu na gunia langu lilikuwa uani. Jiko lilikuwa limezimika, majivu yake meupe yakiwa bado na umbo la makaa. Akinyi alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Mama Risper alikuwa amemshika uso kwa mikono miwili akiwaambia wanawake waliokuwa wakiingia, "Angalieni mtoto wangu. Angalieni, ana rangi." Na kweli alikuwa nayo. Yeye aliyekuwa na midomo ya kijivu siku zote, sasa midomo na mashavu yake yalikuwa na wekundu wa mtu aliyetoka kucheza. Wanawake waliona, wakasema Mungu amemchukua akiwa mzima. Huko kliniki waliandika selimundu. Hakuna aliyeuliza kitu kingine, kwa sababu tangu alipozaliwa kila mtu alikuwa akilingojea neno hilo.

Wazee walisema binti mtu mzima ambaye hakuolewa hazikwi ndani ya boma, na akazikwa nje ya ua, upande wa barabara. Ochieng alikuja kutoka Mfangano na boti ya kukodi. Alinishika shingo kwa mkono mmoja akalia begani kwangu, akasema, "Angalau hakulala na baridi." Baada ya matanga niliondoka. Sikumuaga Chacha. Nilisema nakwenda Kericho wiki moja.

Nilikuja kujua baada ya miaka tisa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba la kuku huko Kiambu, kwenye chumba cha kulea vifaranga. Baridi ilizidi, msimamizi akatugawia majiko ya makaa, na mwenzangu mmoja akaziba madirisha kwa nailoni. Asubuhi tulikuta mamia yamelala, shingo zimenyooka. Daktari wa mifugo alikuja, akamwinua mmoja, akatuonyesha wekundu wake. Alikuwa mtu mpole. Alieleza kwamba makaa yakiwaka mahali palipozibwa hutoa hewa yenye sumu, haina rangi, haina harufu, haihitaji moshi, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kutapika, kisha hulala. Akauliza, "Kuna yeyote wenu anayelala na jiko ndani?" Wenzangu walitikisa vichwa. Mimi nilitoka nje nikakaa chini nyuma ya tangi la maji, na jioni hiyo niliacha kazi. Tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya mwaka mmoja.

Nilirudi kumwona Mama Risper mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda kumwambia. Alinipikia omena. Alinishika mkono mbele ya wageni akasema, "Huyu ndiye alimpa Akinyi wangu joto. Yule mtoto alikufa akiwa na rangi." Hilo ndilo lililokuwa limebaki kwake, nalo ni mimi niliyempa, na lilikuwa sumu. Nilikula, nikasema asante, nikaondoka. Sijui kama ilikuwa huruma au woga. Nimejaribu kuvitenganisha na sijaweza.

Tulimzika Ijumaa, ndani ya boma. Mchana, watu walipokuwa wakila, nilimfuata Ochieng nyuma ya nyumba. Ana mvi sasa, na goti moja halikunjiki. Alikuwa ameketi juu ya sufuria iliyopinduliwa, viatu amevivua. Nilimwambia yote. Nilimweleza makaa, udongo niliosindilia, kuku, rangi ya mashavu, daktari wa Kiambu. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa amesema kweli siku ile mezani, na mimi nilikuwa na maneno mengi tu. Nilikuwa nimeyapanga kwa miaka mingi na yalitoka bila kukwama. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Upande wa mbele wanakwaya walikuwa wanagombana kuhusu nani ameketi kwenye kiti cha mchungaji.

"Mama alijua?" aliuliza.

"Hapana."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

Alisugua lile goti. "Kwa hiyo mimi ndiye nilichukua mafuta nikarudi nayo," akasema. "Ningeiacha pale mlangoni..."

"Ochieng, sikusema hivyo. Kosa ni langu."

"Najua hukusema." Alianza kuvaa kiatu kimoja, akakiacha katikati, kisigino kikiwa nje. Sauti yake haikuwa na hasira, na nilikuwa nimekuja tayari kwa hasira. "Omera, mimi nilikuwa najua ni selimundu. Nilikaa na hiyo. Ilinichukua miaka mingi, lakini niliizoea, nikaoa, nikazaa, binti yangu wa kwanza nikampa jina lake. Sasa umenipa hii nyingine, na nina miaka hamsini karibu." Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Hii nayo nitaizoea lini?"